Hachibeki la turbo la mtumba: kulinunua na kuliongezea nguvu kidogo ukiwa Miyuji

Kuna magari madogo ambayo ukiyakuta yameegeshwa utadhani ni ya kupeleka watoto shule tu. Hayana buti linalochomoza. Mlango wa nyuma unainuka juu pamoja na kioo chake, ndiyo maana yanaitwa hachibeki. Ila chini ya boneti kuna injini yenye turbo, na dereva akikanyaga mafuta barabara ya Arusha kuelekea Msalato, wanaokaa kandokando hugeuza shingo. Ni magari kama Volkswagen Golf GTI, Subaru Impreza ya turbo, Mazdaspeed Axela, Suzuki Swift Sport ya turbo, na kwa waliokula chumvi, Toyota Starlet Glanza. Bei zake za mtumba huvutia. Gharama za baada ya kununua ndizo zinazowatoa watu jasho, na hizo hutegemea sana mambo utakayoyafanya kabla hujatoa pesa. Hata kama hujui tofauti ya plagi na koili, twende pamoja.

Kwanza, turbo ni nini? Ni kifaa chenye magurudumu mawili madogo kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu la kwanza. La pili linavuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, injini inaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa mkupuo, na injini ndogo inafanya kazi ya injini kubwa. Ule msukumo wa hewa mafundi wanauita busti. Hewa iliyosukumwa huwa ya moto, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye kipozeo kinachofanana na rejeta, kinaitwa intakula. Magurudumu hayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachotenganisha chuma na chuma ni utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa au ikipungua, turbo haina muda wa kukusubiri uende gereji mwisho wa mwezi.

Miyuji, hapa Dodoma, ina mambo yake matatu ambayo mwandishi wa kitabu cha gari kule Ujerumani au Japani hakuyafikiria sana. La kwanza ni mwinuko. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu ya ule wa Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya nane. Gari lisilo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Gari la turbo hujifidia: gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi ili kuleta kiwango kilekile cha hewa. Huo ni uzuri wake, lakini maana yake pia ni kwamba hapa turbo inafanya kazi ngumu kuliko ingefanya Kigamboni, hata kabla hujaongeza chochote. La pili ni vumbi la kiangazi katika mitaa isiyo na lami, ambalo huziba kichujio cha hewa upesi. La tatu ni joto la Oktoba na Novemba, wakati intakula inapokosa hewa ya baridi ya kufanyia kazi. Shikilia hayo matatu. Yatarudi tukifika kwenye kuongeza nguvu.

Sasa, gari gani? Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyoanza kuuzwa 2004, ina injini ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 200. Ni gari tamu sana. Lakini pampu yake ya petroli ya mgandamizo mkubwa inasukumwa na kikombe kidogo cha chuma kinachosugua kwenye kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu za injini. Kikombe hicho kikitoboka, kemshafti inaliwa na pampu inakufa. Kukifungua na kukitazama ni kazi fupi kwa fundi anayeijua injini hiyo, kwa hiyo muulize muuzaji kilitazamwa lini. Akikushangaa, umeshapata jibu. Kizazi cha sita, cha kuanzia 2009, kina nguvu farasi 210 na hakina tatizo hilo, kwa sababu injini yake ni nyingine inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Kasoro yake ni kikaza cheni: kwa magari ya hadi kama 2012, kikaza kile cha mwanzo kilikuwa dhaifu, na cheni ikiruka jino valvu hupinda. Ulizia kama kimeshabadilishwa. Tazama pia kama kuna madoa ya kulanti (kimiminika cha kupoza injini) iliyokauka kwenye pampu ya maji, maana gamba lake la plastiki huvuja.

Golf hizi nyingi zinakuja na giaboksi ya DSG, yaani giaboksi yenye klachi mbili inayojibadilisha yenyewe. Kwenye GTI ya lita 2.0 ni ya gia sita, klachi zake zinaogelea kwenye oili, na ni imara ikibadilishiwa oili na kichujio kila kilomita 60,000. Usiichanganye na ile ya gia saba yenye klachi kavu, iliyofungwa kwenye Golf nyingi za lita 1.4 na Polo GTI ya miaka ya 2010. Hiyo haipendi foleni na joto. Ukitajiwa bei nzuri ajabu ya Polo GTI, jua kuna mtu anakimbia bili ya giaboksi.

Subaru Impreza hachibeki ilitoka 2007, na ile ya S-GT ya soko la Japani ina lita 2.0, turbo, nguvu farasi 250 na magurudumu manne yote yanavuta. Faida yake kwa mtu wa Dodoma ni kubwa: mafundi wanaoifahamu wapo wengi, spea zipo kwa sababu undugu wake na Forester ni wa damu, na haisumbuki na barabara ya vumbi. Sifa ya Subaru Afrika Mashariki haikuanza jana. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiendesha Impreza, na waliokuwa watoto wakati huo ndio wanunuzi wa leo. Ubaya wake ni kiu ya petroli, gasketi za silinda hedi, na kichujio kidogo sana cha wavu kwenye bomba la oili liendalo kwenye turbo. Wavu huo ukiziba kwa oili iliyozeeka, turbo inakauka na kufa, na aliyefunga turbo mpya bila kuusafisha anaua na ya pili.

Mazdaspeed Axela ina nguvu farasi 264 lakini inavutwa na magurudumu ya mbele tu, na injini yake ya lita 2.3 inaiingiza kwenye daraja la juu la ushuru. Glanza, ya 1996 hadi 1999, ina injini ya sentimita za ujazo 1,331 tu yenye nguvu farasi 135 kwenye gari jepesi mno. Bodi na bushi zake utazipata popote penye Starlet. Injini nzima ya turbo ndiyo kazi kuipata. Swift Sport ya turbo ilianza kuuzwa Japani Septemba 2017: lita 1.4, nguvu farasi 140, uzito chini ya tani moja. Ni changa zaidi kuliko zote hizo, na umri, kama utakavyoona sasa hivi, una bei yake bandarini.

Je, uagize Japani au ununue lililopo nchini? Piga hesabu ya kodi kwanza. Chukua gari la sentimita za ujazo kati ya 1,001 na 2,000 ambalo thamani yake kufika Dar es Salaam, pamoja na usafiri na bima ya njiani, imekadiriwa kuwa Sh 10,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani Sh 2,500,000. Juu ya jumla ya thamani na ushuru huo unalipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, Sh 625,000. Kama gari limezidi miaka 10, kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, Sh 3,750,000. Halafu VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo, Sh 3,037,500. Jumla ni Sh 9,912,500, bila kutaja ada za forodha, tozo ya reli, usajili na wakala wa bandarini. Umenunua gari mara mbili. Gari la miaka 8 hadi 10 uchakavu wake ni asilimia 15, na jumla ya kodi hizo inashuka hadi Sh 7,700,000. Injini ikizidi sentimita za ujazo 2,000, ushuru wa bidhaa unapanda kuwa asilimia 10. Kumbuka mamlaka ya mapato, TRA, wanatumia makadirio yao ya thamani, si risiti uliyopewa na muuzaji. Kikokotoo chao cha magari ya mtumba kiko kwenye tovuti yao na ni bure. Kitumie kabla hujatuma hata senti.

Ukiagiza, omba karatasi ya mnada wa Japani. Ina daraja la gari na kilomita zilizosomwa siku ya mnada. Daraja la 4 au 3.5 ni gari la kawaida lililotumika vizuri. Herufi R inamaanisha limewahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi hiyo inasaidia hata kwa gari ambalo tayari limesajiliwa nchini kwa namba D au namba E, kwa kuwa kuna huduma za kulipia mtandaoni zinazoitafuta kwa namba ya chesisi. Kilomita za dashibodi zikiwa chache kuliko za mnada wa miaka sita nyuma, usibishane na dalali. Aga, uondoke.

Kwa gari lililopo nchini, karatasi zinatangulia injini. Taka kuona kadi halisi ya gari, si kivuli. Kadi ikiwa "iko kwa mke wangu", mara nyingi iko benki au kwa mkopeshaji. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Namba ya chesisi na namba ya injini usizisome kwenye kadi peke yake; mwambie fundi akuonyeshe zilipochongwa kwenye chuma. Magari ya turbo hubadilishiwa injini sana, na injini isiyo kwenye kadi itakuwa mzigo wako wewe siku ya kuhamisha umiliki. Kisha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia faini za barabarani, na kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kuhakiki kama bima ni ya kweli. Yote mawili unayafanya kwa simu ukiwa umesimama hapohapo.

Mkikubaliana, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, nanyi wote wawili muwe na TIN. Gharama za TRA za kuhamisha umiliki ni Sh 50,000, kadi mpya Sh 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei. Viwango hubadilika na bajeti kila Julai, hivyo uliza dawatini ofisi ya Dodoma kabla ya kugawana gharama na muuzaji. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo asikudai mtu "road licence".

Kulikagua gari lenyewe, nenda asubuhi na umwombe muuzaji asiliwashe. Gusa boneti ukifika. Ikiwa ya moto, mtu ameficha jinsi linavyowaka likiwa baridi, na hapo ndipo siri za injini zinapotoka. Liwashe wewe huku fundi amesimama mbele. Cheni iliyolegea kwenye Golf hupiga kelele za kukwaruza kwa sekunde chache za mwanzo. Kwenye Subaru sikiliza mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini. Huo ni wa beringi za krenki, na hauna dawa ya bei nafuu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe usiokatika hata gari likipata joto ni kulanti inayoingia ndani ya injini. Fungua mfuniko wa oili: ute mweupe kama uji ni habari mbaya ileile.

Injini ikizimwa na kupoa, fundi afungue mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo na ashike gurudumu kwa vidole. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida. Kuingia na kutoka hakukubaliki hata kidogo, na mabawa yaliyokatika au yenye makovu yanaonyesha limemeza vumbi au mawe. Baadaye gari lipimwe kwa mashine. Muulize anayepima kama kumbukumbu ya hitilafu imefutwa karibuni. Mashine nzuri huonyesha kama majaribio ya ndani ya kompyuta hayajakamilika, ishara kwamba kuna aliyefuta taa ya injini asubuhi hiyo hiyo.

Kisha endesha, angalau nusu saa. Likishapata joto, tafuta sehemu tupu nje ya makazi, weka gia ya tatu injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kanyaga mpaka chini. Nguvu ije kwa mfululizo bila kukohoa. Gari la DSG lisitetemeke likianza kuondoka wala kuchelewa kuingia rivasi. Impreza izungushe duara dogo polepole kwenye uwanja: ikijikaza kama breki imeshikwa, mfumo wake wa magurudumu manne umechoka. Angalia pia tairi zake zote nne ziwe za aina na ukubwa mmoja, maana zikitofautiana ndizo zinazoumaliza mfumo huo. Umri wa tairi uko ubavuni katika tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Pesa yote usiimalizie kwenye kununua. Mwenye milioni 20 atafute gari la milioni 15 au 16, linalobaki liende kwenye matengenezo ya mwanzo. Siku ya kwanza badilisha oili na kichujio chake, kichujio cha hewa, plagi, oili ya breki na kulanti. Mkanda wa taimingi usio na risiti uhesabu kuwa haujabadilishwa. Ubadilishe pamoja na pampu ya maji, kwani kazi ya kufungua ni moja. Kwenye rejeta usitie maji ya kisima. Chumvi ya maji ya huku huganda ndani na kuziba njia. Oili iwe ya sintetiki ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na hapa Dodoma usiivushe kilomita 5,000, hata kama kitabu kinasema 15,000. Oili nene ya bei rahisi, ambayo muuzaji wa duka atakuapia kuwa "inaziba moshi", ipite bila kugeuka.

Hapo tu ndipo tunazungumzia kuongeza nguvu, tena baada ya kuliendesha miezi miwili au mitatu bila taa kuwaka dashibodi. Hatua ya kwanza, na kwa gari la kila siku ndiyo ya mwisho, ni kupanga upya programu ya kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wanaiita kontroboksi. Programu huiambia injini isukume busti kiasi gani na plagi ziwake wakati gani. Golf GTI ya nguvu farasi 200 kwa mpango mpya hufika kati ya 240 na 250 kwenye nchi zenye petroli ya daraja la juu. Usidai namba hiyo Miyuji. Magari mengi ya turbo ya soko la Japani yalipangwa kunywa petroli ya oktani karibu na 100, na oktani ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Ikilipuka mapema, injini hugonga. Mafundi wanaita noki, na noki chini ya busti hutoboa pistoni. Petroli ya pampu ya kawaida, joto la Oktoba na turbo ambayo tayari inakimbia kwa sababu ya mwinuko vinakutaka uridhike na ongezeko la asilimia 10 hivi.

Ukimpata mtaalamu, na wengi wako Dar es Salaam, mpe masharti. Ahifadhi programu ya awali na akupe nakala. Asikubandikie faili lililopikwa Ulaya. Asome gari lako likitembea, aangalie kompyuta inarudisha nyuma uwakaji wa plagi kwa kiasi gani, na majaribio ya mwisho yafanyike Dodoma. Busti iliyopangwa usawa wa bahari huilazimisha turbo kuzunguka kupita uwezo wake huku juu. Kwa Golf ya DSG ya gia sita, mvuto usizidi nyutonimita 350, kiwango ambacho giaboksi hiyo iliundiwa. Aliyekataa masharti haya hana anachokuuzia.

Vitu vingine vinavyouzwa kama nguvu nyingi ni kelele. Kichujio cha hewa cha wazi kilichokaa ndani ya boneti kinavuta joto na vumbi. Boksi la kiwandani lenye kichujio cha karatasi kinachobadilishwa mara kwa mara ni bora kwa mitaa yetu. Ile valvu inayopumua "psss" nje kila ukibadilisha gia inamwaga hewa ambayo kompyuta imeshaihesabu, na kwa sekunde hiyo injini inapewa petroli ya ziada bure. Kung'oa masega ya kusafishia moshi yaliyo ndani ya bomba lake kunamnufaisha zaidi anayeyanunua. Pesa hiyo ipeleke kwenye pedi na diski nzuri za breki, tairi mpya, mipira ya hewa isiyo na nyufa na intakula kubwa kidogo. Askari wenye tochi za kupimia mwendo hawaulizi gari lina nguvu farasi ngapi. Ndani ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa.

Bima ya mtu wa tatu kwa gari binafsi ni Sh 118,000 kwa mwaka. Bima kubwa huanzia asilimia 3.5 ya thamani pamoja na VAT, yaani Sh 619,500 kwa gari la milioni 15. Kwa gari la turbo chukua hiyo kubwa, na uwaandikie kampuni ya bima kwamba programu ya injini imebadilishwa, wasije wakapata sababu ya kukataa kulipa.

Ukiniuliza mimi: anayetegemea gari moja tu kwa kazi, shule na safari za Kondoa, achukue Impreza S-GT yenye risiti za matengenezo, aiache kompyuta ilivyo, abadilishe oili mapema. Mwenye uwezo wa kuagiza atafute Swift Sport ambayo haijafikisha miaka 8. Golf GTI ninampa mwenye usafiri mwingine nyumbani na fundi mwenye mashine ya kupimia, na huyo ndiye pekee ninayemshauri aguse programu.